Barabara ya 12, Utah, kwa gari-nyumba: usizirundike siku zote kwenye kambi ya mwisho

Mkuu, umeuliza kama mpango wako umekaa sawa: gari-nyumba la kukodi lenye urefu wa mita 9, watoto wawili, Barabara ya 12 ya Utah yote kwa siku moja kutoka Panguitch hadi Torrey, halafu siku tatu za kutulia kwenye kambi binafsi mwishoni mwa njia kwa sababu ina umeme, maji na bomba la maji taka. Barabara umeichagua vizuri sana, ila umeipunja muda, na siku ulizoinyima umeipa kambi ambayo hujaiona. Sisi tuliipita njia hiyo na familia na tukaishia kwenye kambi ya aina hiyo, kwa hiyo nitakueleza yote mawili.

Barabara ni kilomita 198 hivi. Kwenye ramani ni mwendo wa saa chache, lakini hutaiendesha hivyo. Inaanzia jirani na Panguitch, muda si mrefu unapenya chini ya matao mawili yaliyochongwa kwenye mwamba mwekundu wa Red Canyon, kisha unafika njia panda ya hifadhi ya taifa ya Bryce Canyon. Pale mawe yamesimama kama umati wa watu, na kinachoyachonga ni maji yanayoingia kwenye nyufa, yakaganda usiku na kuyeyuka mchana, mwaka hata mwaka. Watoto wako watataka kushuka chini kwa miguu. Waache washuke, kwa sababu hiyo peke yake ni nusu siku.

Baada ya mji wa Escalante ndipo penye uzito. Kati ya kijito cha Calf Creek na mji wa Boulder kuna sehemu inaitwa Hogback, ambapo lami inapita juu ya mgongo wa mwamba na ardhi inaporomoka pande zote mbili. Kingo za chuma hakuna sehemu kubwa, na miteremko inafika asilimia 14. Gari kubwa linapita, usiogope, ila teremka kwa gia ndogo na usikanyage breki mfululizo. Anayeendesha haoni kitu zaidi ya lami, kwa hiyo simama kwenye maegesho ya kutazamia ili naye apate haki yake. Mimi nilisimama kila yalipopatikana na sijutii hata dakika moja.

Halafu Boulder Mountain. Unapanda hadi karibu mita 2,900, kwenye misitu ya miti yenye magome meupe, na upande wa mashariki unaona miamba ya hifadhi ya taifa ya Capitol Reef na milima ya Henry nyuma yake. Kipande hiki hakikuwa na lami hadi 1985. Ng'ombe wanachungwa bila uzio na swala wanavuka jioni, kwa hiyo panga kukipita jua likiwa bado juu.

Sasa kambi tuliyoishia sisi. Picha za wenye kambi zilionyesha miamba myekundu na kivuli. Miamba ipo kweli, ila ni ng'ambo ya barabara kuu. Kambi yenyewe ni uwanja wa kokoto, magari yamepangwa ubavu kwa ubavu kiasi kwamba dirisha letu lilitazamana na bomba la choo la jirani, na malori yalipita usiku kucha. Hayo ningeyavumilia. Kilichonikera ni kwamba vitu vitatu tulivyovilipia havikufanya kazi.

Umeme wa ampea 30 kwa volti 120 unatakiwa kukupa wati 3,600. Jioni, kila gari lilipowasha kiyoyozi, kipimo changu kilishuka hadi chini ya volti 104. Hapo kompresa ya kiyoyozi inavuta mkondo mkubwa kuliko kawaida, inachemka, na inaweza kuungua. Nikachomoa. Tundu la maji taka lilikuwa juu kuliko tundu la gari letu, na maji machafu hayapandi mlima, kwa hiyo tangi halikuweza kumwagwa. Na nafasi ilikuwa na mteremko mkali kuliko vibao vya kusawazishia gari vingeweza kurekebisha. Friji ya gesi hutegemea kimiminika kinachotiririka chenyewe kwenye mabomba yake, hivyo gari likikaa upande kwa saa nyingi friji haipoozi vizuri na huweza kuharibika kabisa. Ofisini wakatuonyesha kibao: pesa hairudishwi. Yaani mtu anauza huduma, huduma haipo, na jibu ni kibao. Nililalamika kwa maandishi, nikiambatanisha picha ya kipimo, na asubuhi tukaondoka.

Kwa hiyo ningekuwa wewe, ningelala ndani ya njia yenyewe. Bryce ina kambi mbili za hifadhi, North na Sunset. Hazina umeme wala bomba la kuunganisha kwenye gari, lakini ziko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,400 na usiku ni baridi hata kiangazi, kiyoyozi utakitakia nini? Siku inayofuata vuka Hogback na mlima kwa raha zako, kisha kutoka Torrey endelea kidogo mashariki hadi kambi ya Fruita, ndani ya Capitol Reef. Ina nafasi 71, nayo haina umeme, ila ina mahali pa kumwagia matangi. Imezungukwa na bustani za matunda zilizoanzishwa na walowezi Wamormoni miaka ya 1880, na matunda yakiiva wageni wanaruhusiwa kuchuma. Fruita iko chini zaidi, mchana wa Julai ni mkali, kwa hiyo chagua nafasi yenye mti, na soma urefu unaoruhusiwa kwa kila nafasi kabla ya kulipa. Jenereta zina saa zake maalumu.

Kama mama watoto anasisitiza umeme, chukua kambi binafsi kwa usiku mmoja tu. Piga simu, usitumie fomu. Uliza namba ya nafasi yenu, mteremko wake, na tundu la maji taka liko upande gani. Itazame kwenye picha za satelaiti, utaona barabara kuu iko umbali gani. Ukifika, tembea hadi kwenye nafasi kabla ya kuingiza gari, na chomeka kipimo cha volti kabla ya waya wa gari. Kikisoma vibaya, omba nafasi nyingine hapo hapo, maana ukishatandaza kila kitu hawakusikilizi.

Zile siku tatu ulizokwisha kuweka, soma masharti yao leo. Kambi nyingi huruhusu kupunguza siku ukitoa taarifa mapema, na hushikilia fedha yote ukichelewa. Punguza mbili, na kabla ya hapo hakikisha Fruita umepata nafasi, kwa sababu msimu wa joto hujaa miezi kadhaa kabla.