Kiuno cha ami yako: yafanyike haya kabla ya kufikiria upasuaji

Ndugu yangu, umeuliza kama ami yako, anayepakua mawe na boriti majahazini hapo Lamu na ambaye kiuno kinamuuma kwa zaidi ya miezi 3, hana budi kupasuliwa. Kwa kuwa umesema maumivu hayashuki miguuni, upasuaji si wa kuanza nao.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unapendekeza, miongoni mwa mengine, mazoezi yenye mpango, elimu ya kujitunza na dawa za kupunguza uvimbe kama vile ibuprofen, ambazo mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au shinikizo la damu asizimeze kabla ya kumuuliza daktari. Mikanda ya kiuno, ambayo mahamali wetu huipenda mno, mwongozo huo hauishauri.

Mazoezi yenyewe hayahitaji mashine. Alale chali mkekani, akunje magoti huku nyayo zikikanyaga sakafu, ainue nyonga polepole, ahesabu hadi tano, kisha ashuke bila kujibwaga. Akiweza, aonyeshwe kwanza na mtaalamu wa fiziotherapia. Kukandwa kwa mafuta huleta nafuu ya muda, nami sikukatazi, ila kushinda kitandani kutamdhoofisha.

Akifa ganzi sehemu za siri, akishindwa kuzuia mkojo, mguu ukilegea au akipata homa pamoja na maumivu hayo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kwa kukodi boti usiku.