Re: Pampu ya maji ya Hilux ya 1993 haipatikani, nifanyeje?

Mkuu, kabla hujafikiria kuuza gari kwa vile duka moja limekwambia "hiyo spea haiji tena", fungua boneti usome injini. Kama ni ile ya dizeli yenye jina 3L, sentimita za ujazo 2,779, ni ileile iliyofungwa kwenye Hiace nyingi. Kwa hiyo usiulize pampu ya Hilux, uliza pampu ya 3L. Anzia Nyakato au Igoma hapa Mwanza, zungukia hata wanaouza spea za mtumba.

Ila nenda na pampu yako ya zamani mkononi. Zilinganishe kaunta pale: matundu ya bolti, urefu wa shafti, sehemu ya kufunga feni. Injini moja inaweza kuja na pampu tofauti kidogo kulingana na gari, na ikizidi milimita chache feni inakula rejeta. Mimi niliwahi kuamini maneno ya muuzaji, nikanunua mbili.

Beringi na oil sili ndiyo rahisi kabisa, zimeandikwa namba. Beringi ya 6203 ni 6203 popote: tundu milimita 17, nje 40, unene 12. Jina la gari halina kazi hapo.

Halafu, samahani, umesema unajazia maji ya ziwa. Nadhani ndiyo yaliyoua hiyo pampu. Safisha rejeta kwanza, weka kulanti (maji maalumu ya kupoza injini), ndipo ufunge mpya. Gasketi usirudishe ya zamani.