Barua kwa mwanangu: habari ya yule jogoo

Mama wangu mdogo,

Ujumbe wako nimeusoma mara 3, mara ya mwisho nilimsomea mamako akiwa anachagua maharage. Unauliza kama tutaudhika ukiacha pediatri, udaktari wa watoto, ukaingia anestezi, na kama ni haki kuongeza miaka mingine ya masomo kwa kazi ambayo watu wa hapa Bukavu wanasema ni ya kulaza wagonjwa usingizi tu wakati wa kupasuliwa. Nitakujibu, lakini kwanza nikuambie habari ya jogoo.

Unakumbuka Februari 2008, ile Jumapili tarehe 3 ardhi ilipotetemeka watu wakiwa misa. Kisha pale ikawa inarudia rudia, tukawa tunalala nje na wewe. Mdogo wako akachagua wiki hiyohiyo kuzaliwa, na vibaya. Mgonjwa hapangi saa, nimekuambia tangu utoto. Tukamfikisha mamako lopitali usiku, wakasema lazima apasuliwe, ila mtu wa anestezi, wa kumchoma sindano ya mgongoni, alikuwa kwake mtaa wa Kadutu, na gari hakuna. Alikuja kwa miguu. Nilimuona anapita langoni anahema, viatu matope matupu, nikafikiri ni mlinzi, sikumsalimia hata.

Mimi nilibaki uani, wewe umelala juu ya kikwembe. Katikati ya kazi ardhi ikatikisika tena na umeme ukakatika. Mamako alikuwa macho, si unajua ile sindano inaua miguu tu akili inabaki, ndiye aliniambia kwamba watu wote walisogea kuelekea mlango, hata mimi ningesogea, ila yule wa sindano, aliyekuwa upande wa kichwa, hakutoka. Mamako alikuwa anamuona juu chini, macho tu juu ya kitambaa. Akashika tochi kwa meno, vidole kwenye mkono wa mamako anahesabu mapigo, maana tansiyo, presha ya damu, ilikuwa imeanguka, akaongeza dawa, na alikuwa anamsemesha polepole mpaka umeme ukarudi na wengine wakarudi.

Asubuhi ya tatu nikaenda na jogoo. Nikampa daktari aliyepasua. Alistahili, sikatai, mkono wake ndio ulitoa mtoto. Lakini yule mwingine alikuwa pale pale kwenye baraza amekalia ndoo anakula mkate mkavu, akanipa hongera, nami nikapita mbio kwenda kulipa fakitiri. Mamako aliponisimulia yote tulikuwa tumekwisha fika nyumbani. Nilirudi kisha mwezi, wakasema amehamishwa. Na jina sikuwa nimeuliza. Mama, miaka yote hii inaniuma.

Sasa usifikiri nakusukuma. Pediatri pia ni kazi, watoto wa bwaki, wale wa kuvimba kwa kukosa chakula kizuri, tuliwaona kwa macho yetu, na mtoto anayepona mama yake anakukumbuka mpaka uzeeni. Halafu daktari Mukwege mwenyewe, yule wa hapa Bukavu, alianza na watoto kwenye lopitali ya Lemera, akaona wanawake wanakufia kwenye uzazi, ndiyo akaenda Angers, kule Ufaransa, kusomea mambo ya wanawake. Kwa hiyo kubadili njia si aibu. Lakini yeye alibadili kwa kuwa aliona kitu, je wewe umeona kitu ao umechoka na kelele za watoto? Hapana, nafuta hilo, nakujua. Uliniandikia kwamba ile ripoti ya 2015 ya Lancet, jarida la madaktari, ilihesabu watu bilioni 5 duniani hawafikii upasuaji na anestezi salama. Mimi bilioni siwezi kuiona. Naona ndoo na mkate mkavu.

Makuta? Sijui, na mamako anasema usiangalie makuta, mimi nasema angalia kidogo, nyumba inapangwa kwa pesa. Heshima ndiyo usingoje. Mgonjwa hapangi saa, na akiamka anamtafuta aliyeshika kisu, wewe utakuwa umekwisha ingia chumba kingine.

Nilitaka kusema chukua hii ama ile, kalamu inanivuta kabisa, lakini ni wewe utaamshwa usiku, si mimi. Samaki sambaza tumekutumia kwa mtu wa boti, ianike tena ikifika.

Na mpigie mamako Jumapili kisha misa, umuulize yule mtu alikuwa anamwambia nini kwenye giza. Mimi hajawahi kuniambia yote, wewe labda atakuambia.

Papa yako