Kodi ya makadirio ya jimbo, California

Dada, umeuliza kama kodi ya makadirio, ile unayolipa kwa awamu ndani ya mwaka kwa kukadiria, ukishawatumia IRS (mamlaka ya kodi ya serikali kuu ya Marekani) inatosha na kwa jimbo. Hapana, pesa unazowatumia IRS kila robo mwaka hazifiki jimboni. Ukiendesha Uber hapo San Diego hakuna mwajiri wa kukukata kodi kwenye malipo yako, kwa hiyo kodi ya California unailipa mwenyewe, kando, kwa Franchise Tax Board, mamlaka ya kodi ya mapato ya jimbo. Inakuhusu ukitarajia kudaiwa na jimbo dola 500 au zaidi kwa mwaka.

Wengi wanateleza hapa: usiigawe mara nne sawasawa kama ile ya IRS. California inataka asilimia 30 kufikia Aprili 15, asilimia 40 Juni 15, Septemba haitaki kitu, halafu 30 iliyobaki Januari 15. Ukikadiria dola 1,000 basi ni 300, 400, sifuri, 300. Hiyo ya Juni inauma kwa sababu inakuja miezi miwili tu baada ya ya kwanza, anza kuiwekea akiba mapema.

Kama hujui mwaka huu utaingiza kiasi gani, chukua kodi yote ya jimbo ya mwaka jana, gawa kiasi hicho kwa asilimia zilezile na ulipe kwa tarehe hizo. Kwa mwenye mapato yasiyozidi dola 150,000, hiyo kwa kawaida inamkinga na faini ya kulipa makadirio pungufu hata akipata zaidi ya mwaka jana.

Lipia Web Pay kwenye tovuti ya Franchise Tax Board, kutoka akaunti ya benki, ni bure. Chagua malipo ya makadirio, yaani fomu 540-ES, na tafadhali angalia mwaka kabla ya kubonyeza: malipo ya Januari ni ya mwaka uliokwisha.