Mama anaitikia tu "ndio dokta"
Pole sana mdogo wangu. Uliposema mama ana saratani ya titi, kaambiwa titi litolewe lote na yeye anaitikia tu, nimemkumbuka mamkubwa wangu wa Pongwe, tumeshapanda daladala ndo ananiuliza, hivi dokta kasemaje?

Sasa muulizeni dokta hiyo saratani iko hatua ya ngapi na majibu ya kinyama (kile kipande walichokata kupima) yanasemaje, maana ikiwa ya mwanzo wengi wanaweza kutolewa uvimbe tu halafu wakapigwa mionzi, na uwezekano wa kuishi ni uleule kama wa aliyetolewa titi lote. Ila mionzi kwa kawaida ni Jumatatu mpaka Ijumaa kwa wiki kadhaa, kwa sisi wa Tanga mara nyingi maana yake ukapange Dar karibu na Ocean Road, hospitali ya saratani, nauli, kula, wajukuu wabaki na nani, na hayo dokta hayajui msipomwambia. Kuna atakayesema bora mtoe lote nirudi kwangu (hata hapo mionzi saa nyingine inahitajika, ulizeni).

Maswali andikeni kwenye daftari. Na usimjibie mama, mimi nilikosea hapo. Fomu ya kukubali upasuaji ombeni mkaisome nyumbani siku mbili tatu, sio miezi mnazunguka kwa waganga.