MRI haichomi, inaongoza tu
Wapo wanaodhani kwamba kwenye tiba ya mikono kutetemeka, MRI (mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili) ndiyo inayochoma ubongo. Hapana, kinachochoma si MRI, ni mawimbi ya sauti. Kofia yenye vyanzo vya sauti 1,024 huyapitisha kwenye fuvu bila kupasua, yote yakutane kwenye nukta moja ya thalamasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na kutetemeka huko. MRI inaonyesha nukta hiyo ilipo na kupima joto lake sekunde kwa sekunde. Nipo radiolojia, na hilo la joto ndilo watu hawalijui.

Daktari anaanza na joto dogo, chini ya nyuzi 50, halafu mgonjwa, ambaye yuko macho muda wote, anachora duara la konokono kwenye karatasi. Mchoro ukitulia na mdomo usipoingia ganzi, ndipo joto linapandishwa kupita nyuzi 55 na tishu inakufa. Marekani waliruhusu tangu 2016.

Ila si kila mtu anafaa. Kuna mafuvu yasiyopitisha sauti vizuri, na mwenye kifaa cha moyo kisichoruhusiwa kwenye sumaku haingii kabisa. Na nywele zote zinanyolewa, jiandae.