Kubuni skrini za wahandisi wa usalama wa ndege ukiwa mikoani: jibu langu

Mdogo wangu, umeuliza hivi: umezoea kubuni programu za simu za maduka na za kutuma pesa, sasa kampuni ya nje imekupa kazi ya majaribio ya kubuni skrini za wahandisi wanaochambua usalama wa ndege. Ndege huijui zaidi ya kuiona ikipita juu, na uko Kasulu. Uanzie wapi, na je, inawezekana ukiwa huko huko? Mdau mmoja kakujibu ukajifunze vizuri Figma, ile programu ya kuchorea skrini, mwingine kakwambia achana nayo. Ngoja na mimi niseme, maana nimepita humo.

Mimi ni mtu wa Kigoma mjini, Mwanga. Nilianza kama fundi wa ndege ndogo, zile za injini moja zinazokaguliwa kila saa 100 za kuruka. Mgongo ulipogoma nikahamia kwenye skrini. Mwaka wa sita huu nafanya kazi na watu wa mbali nikiwa hapa hapa mwisho wa reli.

Tulichofundishwa sote ni kwamba mtumiaji asikwame. Kwenye kutuma pesa ni kweli, akikwama anakasirika na kuhama. Huku anayekwama hana shida, atapiga simu, atauliza mwenzake. Wa kuogopa ni yule anayeteleza mpaka mwisho na namba isiyo sahihi bila kitu chochote kumshika shati.

Nikupe aibu yangu mwenyewe. Wahandisi hawa wana kitu kinaitwa mti wa hitilafu. Juu kabisa unaandika balaa unaloliogopa, tuseme kupoteza breki zote. Chini yake unashuka na visababishi, vimeunganishwa kwa malango: lango la AU, kimoja kikitokea kinatosha, lango la NA, lazima vyote vitokee. Kila jani la chini lina namba ya uwezekano wa kuharibika. Kwenye NA namba zinazidishwa, kwenye AU zinajumlishwa (kwa makadirio, wahandisi msinishambulie). Kwa ndege kubwa za abiria, balaa la kuangusha ndege linatakiwa lisizidi mara moja katika saa bilioni moja za kuruka. Wao wanaandika 1E-9, yaani moja gawanya kwa moja yenye sufuri tisa; namba inayofuata E- ikiwa kubwa zaidi, balaa ni adimu zaidi.

Skrini niliyoikuta ilikuwa imejaa safu wima kama daftari la muuza duka la jumla. Nikaisafisha. Kipimo cha namba, yaani "kwa saa" au "kwa saa milioni", nikakihamishia kwenye mipangilio, nikiona hakuna haja ya kukirudia kila mstari. Jibu la mwisho nalo nikalificha nyuma ya alama ya kijani iliyoandikwa "Imekidhi". Ukitaka namba yenyewe, bonyeza. Kila mtu akasifu.

Mhandisi mmoja akajaza pampu: 4.2E-6, akimaanisha kwa saa. Mipangilio ya mradi ule ilikuwa "kwa saa milioni". Programu ikaelewa 4.2E-12. Ikazidisha na kihisi cha tahadhari chenye 3E-4. Jibu la kweli lilikuwa 1.26E-9, limevuka mpaka kidogo, kwa hiyo pampu ile ilihitaji kufikiriwa upya. Programu yangu ikapata 1.26E-15 na kuweka kijani. Watu wawili wakapitisha.

Aliyelikamata kosa hilo ni mzee mmoja mkaguzi ambaye hapendi skrini, anachapa kila kitu kwenye karatasi. Kwenye karatasi kijani changu hakikuwepo, namba ilikuwepo. Kwenye simu ya pamoja akasema jiwe lenyewe halina uimara huo. Ilikuwa bado michoro tu, hakuna ndege iliyoruka na hesabu ile, lakini siku hiyo chakula hakikupita.

Tukarekebisha. Kipimo kikakaa ubavuni mwa namba na hakifichiki. Namba ikarudi mbele, kijani kikawa kidogo pembeni. Na jibu likiwa zuri kupita mpaka mara elfu, programu inasimama na kukuonyesha jani gani limeleta uzuri huo. Bosi alilalamika kwamba sasa inafanana na kitabu cha hesabu. Ni kitabu cha hesabu, bosi.

Hiyo 3E-4 ya kihisi nayo ina asili yake. Kihisi kinaharibika kimyakimya, rubani hajui, kwa kiwango cha 3E-6 kwa saa, na kinapimwa kila saa 100. Zidisha, utaipata. Sasa mtu wa ratiba ya matengenezo, aliye ofisi nyingine kabisa, akiona bora kipimwe kila saa 400, namba inapanda mara nne na mti hauna habari. Mimi niliyekuwa fundi nilikuwa naona "kila saa 100" kama sheria tu ya kitabu. Sikujua kuna mtu ameegemeza hesabu yake juu ya mkono wangu. Kwa hiyo kila namba kwenye skrini yako iweze kujibu: nimetoka wapi, nani kaniweka, na nini kikibadilika mimi nakufa.

Kuhusu kutowajua wahandisi wa ndege, mimi nao niko mbali nao, kwa hiyo michoro yangu ya awali naipeleka Kibirizi kwa mafundi wa injini za boti. Usicheke. Siku moja nilichora kwenye boksi la vipuri mti wa boti kuzimikia ziwani: injini ya kwanza NA injini ya pili. Nikamwambia mzee mmoja fundi pale, zikiwa mbili, ajali inakuwa adimu sana. Alikuwa anafuta plagi kwa kitambaa, hata hakuinua kichwa. "Mwanangu, pipa la mafuta ni moja. Maji yakiingia humo injini zako mbili ni moja."

Nilirudi nyumbani nikaongeza kitu kimoja. Ukiweka lango la NA, programu haikuruhusu kuendelea mpaka ujibu: hivi vinashirikiana nini? Mafuta, waya, mahali vilipofungwa, fundi mmoja aliyevigusa vyote siku moja? Wahandisi walinung'unika wiki ya kwanza. Wenyewe wanaijua habari ya ndege ya DC-10 iliyoanguka Sioux City, Marekani, Julai 1989: mifumo mitatu ya haidroliki, kila mmoja unajitegemea, lakini mabomba ya yote matatu yalipita mkiani. Diski ya injini ya nyuma ikapasuka, vipande vikayakata yote. Kati ya watu 296 walikufa 112.

Soma ajali za namna hiyo kuliko kusoma mitindo ya vitufe. Isome ya Airbus A320 karibu na Strasbourg, Januari 1992, watu 87 walikufa. Kitufe kimoja cha kuzungusha kiliweza kumaanisha pembe ya kushuka, kwa nyuzi, au kasi ya kushuka kutegemea hali iliyochaguliwa, na wachunguzi waliona kuna uwezekano mkubwa kwamba 3.3 ya nyuzi iliingia kama futi 3,300 kwa dakika. Ni kosa langu lile lile la kipimo, ila lao lilikuwa hewani. Na ya Julai 2020, ndege ya Birmingham kwenda Mallorca: programu iliwahesabu wanawake 38 walioandikwa "Miss" kuwa watoto, kilo 35 badala ya 69, kwa sababu ilitengenezwa mahali ambapo neno hilo hutumika kwa mtoto. Ndege iliondoka ikiwa na kilo 1,244 zaidi ya uzito ulioandikwa kwenye karatasi yake. Ilifika salama.

Rangi: nyekundu kwa watu hawa maana yake chukua hatua sasa hivi, usiipambie kitufe cha kufuta. Mshindani wako ni Excel, wala si programu nyingine. Muombe mhandisi akuonyeshe faili lake binafsi, utakuta safu alizoongeza kwa sababu programu yenu haina. Hizo ndizo kazi zako za mwezi wa kwanza. Figma jifunze, haimalizi wiki mbili.

Kasulu inawezekana. Weka betri ya kutosha, laini mbili za mitandao tofauti (na uhakikishe hazitegemei mnara mmoja, umeshaelewa kwa nini), na mikutano mingi itakuwa jioni. Kwenye kazi ya majaribio waambie wazi hujui ndege, kisha waulize kipimo cha kila namba uliyopewa.

Ule mchoro wa boti bado ninao kwenye boksi. Nitaupiga picha niupandishe hapa kesho, leo mtoto kaulalia.